Kofia Sita Kabatini

3 Machi

Binti yangu,

Salamu nitazitoa mwishoni, kama zitakuwa zimebaki. Kwanza nijibu hili.

Jumatatu fundi wa radiata, yule rafiki yangu mwenye kigugumizi, alipita mjini kwenu kufuata vipuri. Alikuona kwenye mzunguko wa barabara mbele ya kituo cha mafuta. Anasema ulikuwa juu ya pikipiki ya maabara, kichwa wazi kama unakwenda kuchota maji, na nyuma yako lile sanduku la sampuli limefungwa kwa kamba ya manila. Ncha ya kamba inapepea karibu na spoku za gurudumu la nyuma. Aliniandikia yote hayo kwenye karatasi ili nisome vizuri, kwa sababu unajua masikio yangu injini zimeshayamaliza. Akapigia mstari neno "spoku".

Sasa nikumbushe. Ulipopata kazi hii ya kukusanya damu na makohozi kwenye zahanati, mimi na wewe tulizunguka maduka matatu kutafuta kofia ngumu. Ya kwanza ilicheza kichwani, ya pili ilikubana masikio. Ya tatu ulipotikisa kichwa ilikwenda nawe, na nikakufundisha kufunga mkanda wa kidevuni mpaka vidole viwili tu vipite. Januari ukaniandikia kwamba ofisi nayo imewaletea vifaa kamili: kofia, jaketi zenye pedi za mabega na viwiko, glavu, buti, mikanda ya kufungia mzigo. Nilimsomea mama yako barua ile mara mbili.

Kwa hiyo una kofia mbili na kichwa kimoja, na bado kichwa kiko wazi. Hesabu hiyo nieleze.

Mama yako hajambo. Salamu zake ndizo hizo, zangu bado.

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Mwambie mama nimepata kitambaa alichonitumia, rangi inanipendeza.

Fundi wa radiata asikutie presha. Siku ile mkanda wa kofia ulikuwa umefumuka, nikaupeleka kwa mshonaji, na safari ilikuwa fupi, kutoka maabara hadi zahanati ya sokoni. Kamba ya manila ni ya siku moja tu. Vifaa vya ofisi vipo na ni vizuri sana.

Kazi inaendelea. Tuko waendeshaji sita, mwanamke ni mimi peke yangu. Asubuhi tunagawana njia. Mwenzangu tunayemwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kumpita mtu barabarani hata baiskeli, ndiye amepewa njia ya mbali, ile ya malori. Anakusalimu sana. Anasema mzee wako anajua kuchagua kofia, haipigi kelele hata upepo ukiwa mkali.

Usiwaze sana.

Mwanao, kifungua mimba wako

15 Machi

Binti yangu,

Mimi ni kiziwi, si kipofu. Nimesoma barua yako pale mlangoni kwenye mwanga, nikaona unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mkanda wa kofia ile haukushonwa kwa uzi wa kufumuka ndani ya miezi mitatu. Na huyo Taratibu amejuaje kwamba haipigi kelele upepo ukiwa mkali? Mtu anajua hilo kwa kuivaa, tena kwenye njia ndefu. Halafu unasema vifaa vya ofisi "vipo". Sikuuliza kama vipo. Hata mwezi upo. Niliuliza kama unavivaa.

Miaka thelathini na moja nimefungua pikipiki zilizoanguka. Ninazokumbuka hazikuwa za wenye mbio. Zilikuwa za watu wa kawaida waliobeba godoro, dumu, kreti, na wakasema ni hapo tu. Kamba ikiingia kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu linasimama na mtu anaendelea.

Nakuandikia tena, uibandike ukutani ukitaka. Uzito ukae chini na karibu na mgongo wako, usining'inie nyuma ya keria. Mikanda iwe miwili, ipishane, ikazwe pande zote. Ncha zote zifichwe. Ukimaliza, shika mzigo uutikise. Pikipiki nzima ikitikisika, umefunga. Mzigo ukitikisika peke yake, rudia. Ukienda kilomita mbili, simama, kaza tena.

Na kama hutaniambia ukweli, nitapanda basi nije nikuteremshe kwenye hiyo pikipiki mbele ya bosi wako.

Baba yako

24 Machi

Baba,

Shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la wodi ya mifupa. Mimi ni mzima. Aliyelala ni Taratibu.

Alianguka tarehe 19, saa tisa mchana, kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto. Sanduku lilikuwa na barafu mpya, zito, nalo lilifungwa kwa manila kwa sababu mipira ya zamani ya kufungia mzigo ilikatika Februari. Likaegemea upande, kamba ikalegea, ncha ikaingia kwenye gurudumu. Kama ulivyosema. Barua yako nilikuwa nimeipata asubuhi ile ile, iko mfukoni mwangu sijaifungua, nimeisoma hapa hapa hospitali.

Amevunjika paja na mtulinga. Alikuwa na shati la mikono mifupi, basi mkono wa kushoto hauna ngozi toka kifundo hadi kiwiko. Dereva wa trekta ndiye aliyemleta. Kichwa chake kiligonga ukingo wa kalavati, na kofia imepasuka kutoka sikio hadi kisogo. Daktari aliishika hivi kwa mikono miwili, akaniambia, "Huu ufa ulikuwa wa fuvu."

Kofia hiyo ni yangu, baba. Nilimpa Februari. Yake ilikuwa gamba tupu, sifongo imekwisha, kifungo hakishiki. Njia yake ina malori na yangu ni ya mjini. Sikukwambia kwa sababu tulizunguka maduka matatu.

Na ukweli wa pili ni huu. Vifaa vya ofisi vilifika Januari kweli, vikafungiwa kabatini stoo. Mratibu wetu wa usafiri alisema vinasubiri wageni waliovitoa waje wavikabidhi kwa sherehe, wapige picha. Wageni walikuwa waje Januari, ikawa Februari, ikawa "mwezi huu mwishoni". Kila tukiuliza anasema mkivivaa sasa vitapata vumbi, picha zitakuwaje. Miezi miwili na nusu nimepita mbele ya kabati lile, na tangu Februari nikiwa kichwa wazi.

Jana Mratibu alikuja wodini. Hakuuliza mgonjwa amelalaje. Alikuja na taarifa imeshachapwa, inasema mwendeshaji alipewa vifaa vyote vya kujikinga na mikanda ya mzigo, akaamua kutovitumia, kwa hiyo ajali ni uzembe wake na ofisi haihusiki. Akataka nitie sahihi kama shahidi. Mke wa Taratibu alikuwa anamlisha uji mumewe. Mratibu aliinama juu ya kitanda akasema, "Ni utaratibu tu wa kiofisi, shemeji." Nilirudisha kalamu yake.

Sijui anapata wapi ujasiri wa kuandika kwamba tulipewa.

Taratibu akizinduka anauliza chupa za damu. Kumi na moja zilivunjika. Sijapata moyo wa kumwambia.

Mwanao

28 Machi

Kwa Mratibu wa Usafiri, Maabara,

Mimi ni baba wa mwendeshaji wako wa kike. Ni fundi mstaafu wa pikipiki. Hatujuani na sina haja tujuane.

Nimeambiwa una kofia sita, jaketi sita, na mikanda ya mzigo, na umevifungia visipate vumbi. Nimekaa na jambo hili siku nzima nalitafuta linaposimama. Kofia kazi yake ni kupata vumbi. Jaketi kazi yake ni kuchubuka badala ya mtu. Wewe umevitunza vitu, watu ukawatuma barabarani wachubuke.

Na sasa unaandika kwamba kijana wa watu alivikataa. Alikataaje kitu ambacho ufunguo wake uko kwenu?

Naomba jibu la maandishi. Kwa simu sisikii.

Fundi mstaafu, baba wa binti

2 Aprili

Mzee wetu,

Nimepokea barua yako na ninaelewa uchungu wa mzazi.

Hata hivyo, ofisi hufanya kazi kwa kumbukumbu. Nakuambatanishia nakala ya ukurasa wa daftari la stoo wa tarehe 11 Januari. Utaona waendeshaji wote sita, akiwemo binti yako, walitia sahihi kwamba wamepokea: kofia ngumu moja, jaketi moja, glavu jozi moja, buti jozi moja, mikanda ya mizigo miwili. Kama binti yako anakwambia hakupokea, basi kati ya daftari na mdomo wake kimoja kinasema uongo.

Kamati ya nidhamu itakaa tarehe 18 Aprili. Mimi kama mtoto wako, ningekushauri umwambie binti yako asijiharibie.

Mratibu wa Usafiri

6 Aprili

Binti yangu,

Soma karatasi niliyoweka humu, kisha uendelee.

Sahihi ile naijua. Herufi ya kwanza inapinda kama mpini wa kata. Ulianza kuiandika hivyo ukiwa darasa la nne, na mimi nikakuambia iache hivyo hivyo, ni nzuri.

Nimemwandikia mtu yule maneno makali kuliko niliyowahi kumwandikia mtu yeyote, nikijua nina haki mkono wa kulia na wa kushoto. Amenirudishia mkono wako mwenyewe. Nilikaa kwenye ngazi nikamwambia mama yako ni barua ya kanisani.

Mara ya kwanza ulinificha kofia. Mara ya pili ukanieleza kabati na ukanificha daftari. Ukasema hujui anapata wapi ujasiri. Ulijua.

Baba yako

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nilijua. Sina pa kugeukia, basi nakueleza ilivyokuwa.

Tarehe 11 Januari mafurushi yalishushwa kwenye gari tukiwepo wote. Yalikuwa na harufu ya mpira mpya. Mratibu akamwambia mama wa stoo afungue moja tuone, tukapokezana kofia mkononi, nikajaribu glavu zikanitosha. Kisha akasema virudi vyote kabatini visubiri wageni, ila tutie sahihi sasa hivi, kwa sababu taarifa ya robo mwaka inaondoka kesho na lazima ionyeshe vimegawiwa. Akasema, "Mnatia sahihi leo, mnachukua Ijumaa."

Mama wa stoo alisema, "Mimi siandiki kimetoka na kimo ndani." Mratibu akamwambia yeye amebakiza miaka miwili astaafu, ajichunge. Akatusogezea daftari. Taratibu alisaini wa kwanza, mimi wa tatu. Nikakuandikia barua ya furaha jioni ile, nikiamini Ijumaa.

Ijumaa ya kwanza ningeweza kusema. Ya pili ikawa vigumu. Baada ya mwezi nilikuwa nimeshakuwa mmoja wao. Hilo ndilo nililoshindwa kukuandikia, baba, kwamba kwenye uongo ule mkono wangu upo. Ulipoandika kuhusu kichwa wazi nikaona bora unione mzembe kuliko unione nimesaini nisichopewa.

Sasa wenzangu wanne wananiomba ninyamaze. Wana hoja. Wanasema nikisema, sote sita tutafukuzwa kwa kughushi, na Taratibu hatapona zaidi kwa sisi kukosa kazi. Mmoja ana mapacha wachanga. Ananiangalia kwenye maegesho kama nimeshika kiberiti karibu na nyumba yake.

Lakini jana mke wa Taratibu alinisubiri mlango wa wodi. Ofisi imewaandikia kwamba kwa kuwa ajali ni uzembe wake mwenyewe, haihesabiki kuwa imetokea kazini, na baada ya tarehe 18 watajigharamia. Daktari anasema paja linahitaji kufungwa vyuma. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Dada, ni kweli mume wangu alizikataa?" Anamuuliza na mumewe, na mumewe anageukia ukutani. Kwa sababu naye alisaini, baba. Amelala pale na mguu umening'inizwa, anaona aibu.

Sijaamua. Naogopa. Nimekwambia yote sasa, hakuna droo nyingine iliyofungwa.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, ikufikie kabla ya tarehe 18.

Nimesoma yako mara tatu, ya tatu nikamsomea mama yako kwa sauti. Aliponisikiliza hadi mwisho akaandika kwenye ubao wangu wa chaki: "Mtoto alikuogopa wewe kuliko malori." Kisha akaenda zake jikoni. 

Amesema kweli. Barua zangu mbili za kwanza zilikuwa za hakimu. Nilikuuliza kofia iko wapi, sikuuliza una nini. Ningeuliza hivyo labda ungeniambia mapema, na pengine hata huyo kijana asingetumwa akiwa na kamba ya manila. Hilo nalibeba mimi. Usilibebe wewe, una lako.

Nilikaa nina hasira na wewe siku nne. Kisha hasira ikahama, ikaenda mahali pake. Mtu mzima mwenye ofisi, mwenye kiti cha kuzunguka, amewaambia watu sita watie sahihi uongo wake, na sasa ameushika uongo huo anawachapa nao. Anamtisha mama wa watu kwa miaka miwili ya kustaafu. Na bado ana uso wa kuniandikia mimi "uchungu wa mzazi".

Sitakuambia useme au usiseme. Kazi ni yako, na si mimi ninayewalisha mapacha wa mwenzako. Ila ukisema, anza na sahihi yako. Iweke mezani wewe mwenyewe kabla yeye hajaitoa. Akishaitoa yeye, utaonekana umenaswa. Ukiitoa wewe, hana kitu kingine mfukoni.

Na chochote kitakachotokea, chumba chako kiko wazi na mimi ni baba yako.

Baba

20 Aprili

Baba na mama,

Shikamooni. Barua ilifika tarehe 17.

Kamati ilikuwa na watu watatu: mganga mkuu, afisa utumishi, na Mratibu mwenyewe. Ndiyo, alikaa upande wa waamuzi, na jagi la maji lilikuwa mbele yake. Sisi watano tulisimama.

Kabla hajafungua daftari nikasema, "Sahihi iliyoko ukurasa wa tarehe 11 Januari ni yangu. Nilisaini vitu ambavyo sikupewa. Sikupewa siku ile wala hadi leo. Taratibu naye hakupewa."

Mratibu alitabasamu. Akasema, "Kwa hiyo unakiri mbele ya kamati kwamba wewe ni mwongo."

Nikasema, "Ndiyo. Kwa amri yako, na wewe ukiwa umesimama pembeni."

Mganga mkuu akawauliza wenzangu. Wa kwanza akaangalia viatu. Wa pili akasema hakumbuki. Kisha yule wa mapacha, niliyedhani atanikana, akasema, "Mheshimiwa, mimi toka Januari navaa kofia ya shemeji yangu ya ujenzi. Ningekuwa na nyingine ningeivaa hiyo?" Hakuna aliyecheka, lakini wote wakaanza kusema.

Mganga mkuu akauliza vifaa viko wapi. Mratibu akasema viko majumbani kwetu, tumevificha ili kuichafua ofisi. Nikaomba twende stoo, ni hatua arobaini. Akasema stoo imefungwa, mtunzaji yuko likizo.

Mama wa stoo alikuwa amekaa kwenye ukumbi, nje ya mlango ule ule. Hakuwa ameitwa, alikuja tu. Likizo aliandikiwa na Mratibu, hakuiomba mwenyewe. Akasimama mlangoni akasema, "Ufunguo ninao. Nimeuvaa shingoni tangu kijana alipoanguka, na sijalala vizuri."

Tukaenda. Alifungua kufuli. Zilikuwa pale, baba. Kofia sita ndani ya nailoni, mstari mmoja, kila moja na kikaratasi cha jina. Mikanda ya mizigo imekunjwa bado ina gundi ya dukani. Mganga mkuu alichukua yenye jina la Taratibu, akabonyeza sifongo ndani kwa kidole gumba. Kisha akamgeukia Mratibu, akauliza swali moja tu, "Wageni wanakuja lini?" Mratibu akasema wameahirisha.

Mambo yameishia hivi. Ajali imeandikwa upya kuwa ya kazini na Taratibu amefungwa vyuma jana, amezinduka vizuri. Nilimwambia kuhusu chupa kumi na moja. Akauliza kama wagonjwa waliitwa tena. Nikamwambia tuliwaita wote, mmoja mmoja, na mzee mmoja alikataa kuchomwa mara ya pili mpaka nilipomweleza damu yake ya kwanza ilimwagikia wapi. Mke wa Taratibu alinishika mkono.

Vifaa tumepewa siku ile ile. Mikono ya jaketi langu inafika vizuri hadi kwenye vifundo. Sanduku nimelifunga kwa mikanda miwili, nikalitikisa, pikipiki ikatikisika nzima.

Na Mratibu amehamishiwa kitengo cha mipango, cheo kile kile, ofisi yenye dirisha kubwa zaidi. Mama wa stoo amepewa barua ya kujieleza kwa nini alifungua stoo akiwa likizo. Jumatatu sote sita tunaandika maelezo ya kumtetea, Taratibu ataandika kwa mkono wa kulia akiwa kitandani.

Mimi nimepewa onyo la maandishi, litakaa kwenye faili langu miaka mitatu. Linasema nilitia sahihi kupokea vitu ambavyo sikuvipokea. Afisa utumishi alitegemea nitabishana, akanisogezea kiti. Nikalisoma mara mbili, neno kwa neno. Kila lililoandikwa lilikuwa kweli. Nikamwomba kalamu.

Mwanenu